Vijilango

Miaka ishirini na tisa nilipanda vilima vya Sheffield, mkoba begani,
nikisukuma barua kwenye matundu ya milango.
Kila tundu na kifuniko chake cha shaba, springi ndani:
barua huingia, haitoki.
Kidole kikichelewa, kinabanwa.
Ninayo makovu mawili. La tatu ni la mbwa.

Sasa mguu wa kushoto umepoa kama reli ya Januari,
kidole gumba kimeiva rangi ya zambarau.
Hatua arobaini, nasimama;
najifanya nasoma tangazo dirishani kwa muuza samaki.
"Hilo," asema Somoe, "unalisoma tangu Krismasi."

Daktari Helliwell alinichorea mguu wangu nyuma ya bahasha.
Hapa ateri imeziba, kama bomba la sinki lenye mafuta.
Na hapa mshipa mrefu, toka kinenani hadi kifundoni,
mzima, umejilalia chini ya ngozi.
"Hatuung'oi. Tunautumia palepale ulipo.
Ila tangu kuzaliwa kwako umekuwa ukipandisha damu tu.
Tunataka ishuke."

Itashukaje, nikauliza, njia iliyoumbwa kwa kupanda?

Akasema mna vali humo, vijilango viwili viwili,
vinavyofunguka kwa juu, kwa chini vinagoma.
Nikacheka peke yangu.
Nimegombana navyo maisha yangu yote.

Zamani wangenipasua kama samaki wa kubanika,
na kidonda kingengoja theluji iyeyuke.
Siku hizi ni mikato midogo,
kamera nyembamba kuliko utambi wa jiko,
na nyuma yake kijisu chenye umbo la ndoana.
Vijito vya pembeni vinabanwa klipu kimoja kimoja,
damu isije ikapotelea mitaa isiyo yake.

Walinichoma mgongoni. Nusu yangu ikalala,
nusu ya juu ikabaki na masikio.
"Cha kwanza kimefunguka," akasema. "Cha pili."
Nami nikamfuata mlango kwa mlango, kama zamu ya asubuhi.
Cha saba kikakataa.
Mtu akazima redio.
Naujua mlango huo: springi mpya, mwenye nyumba mkali.
Usisukume, nikamwambia kimoyomoyo,
ikunje barua, inamisha mkono,
ingia kwa ubavu.

"Cha saba," akasema, baada ya muda.

Bronagh, muuguzi, akaniwekea kifaa juu ya unyayo.
Kikakoroma, kikatafuta, kisha: shwu. Shwu. Shwu.
Hodi hiyo, nikasema. Hakunielewa, akanifuta paji la uso.

Somoe alikuja na bandeji za kumfunga farasi.
Akafunua shuka, akatazama vile vishono.
"Ndiyo tu?"
Akakaa na bandeji zake mapajani, karibu akasirike.

Usiku ule nililala bila soksi.
Saa tisa mguu wa kushoto ulitoka wenyewe nje ya blanketi.
Ulikuwa unasikia joto.