Kiasi cha Njegere

Mfamasia wa Hilltown, kule Dundee,
jina lake Eilidh limeshonwa kifuani,
alinionyesha ncha ya kidole:
kiasi cha njegere, uso mzima, usiku tu.
Nikauliza, njegere mbichi au ya kukaushwa?
Akacheka. Sikuwa natania.

Kwetu twasema ngozi ivute i maji.
Karatasi ya dawa yasema kinyume:
nawa, jifute, ngoja dakika ishirini
ikauke kabisa, ndipo upake.
Basi hukaa ukingoni mwa bafu,
hita ikigugumia, mvua ikikwaruza kioo,
mwanamke wa miaka thelathini na minne
anayesubiri uso wake ukauke.

Chunusi.
Utotoni Pangani walituambia ni jini la majini,
humvuta muogaji kwa mguu.
Hakuna aliyesema hupanda hadi kidevuni,
huvuka bahari bila viza,
humfuata mtu mpaka zamu ya usiku
katika nyumba ya wazee.

Wiki ya tatu niliharibika zaidi.
Yaliyojificha chini yakatoka yote pamoja,
kama wadai waliosikia mshahara umeingia.
Pembe za mdomo zikababuka,
mashavu yakapukutika juu ya kola ya sare,
nikawa najipangusa kama mpika maandazi.
Usiache, akasema Eilidh. Paka leo, kesho ruka.
Na ujikinge na jua.
Jua lipi? Ilikuwa Februari.
Akatazama dirishani, akanipa krimu hata hivyo.

Mzee Farquhar wa chumba cha sita haoni tena.
Alikuwa seremala wa mashua.
Nikimvisha soksi hunyoosha mkono, hunigusa shavu,
hutaja namba ya msasa.
"Themanini," alisema mwezi ule mbaya,
na mimi nikainama, nikatafuta soksi ya pili
iliyokuwa mkononi mwangu.
Wiki ya tisa: "Mia na ishirini."
Juzi alikawia. Kidole kikarudi palepale.
"Mia mbili na arobaini. Bado rangi haijashika."

Makovu mawili yamebaki, karibu na sikio.

Miezi minne nimemwambia mama kamera ya simu imekufa.
Jana niliiwasha.
Akausogeza uso wake hadi nikaona pua tupu,
akanikagua kama anayechagua nyanya,
kimya, kimya, mpaka salio likaanza kuniuma.

"Umekonda," akasema.