Rula Chini ya Saa

Kocha Mlaki alinifunga rula ya plastiki,
ile fupi ya mwanangu wa darasa la nne;
akaipitisha chini ya mkanda wa saa
ikalala juu ya mgongo wa kiganja.
"Kifundo kikikunja," akasema, "rula itakwambia."

Ikaniambia.
Kila nilipougusa mpira ikanifinya,
hadi milimita zikajichapa kwenye ngozi
kama mtu aliyepimwa akaonekana amezidi.

Mabega ndiyo yanayopiga, anasema.
Mikono ni uzi tu wa timazi ya mwashi:
inakwenda, inarudi, haina maoni.
Lakini mkono wangu una maoni tangu utotoni.

Nimezaliwa Kibosho, katikati ya mibuni.
Mwezi wa saba, kabla ya kengele ya shule,
mama alinifundisha: usivute, utachuna tawi.
Zungusha.
Buni nyekundu hailazimishwi;
robo mzunguko, tiki, inakuja yenyewe.
Tiki, tiki, tiki, debe moja, ndipo chai.

Nilipoteremka Moshi kubeba mifuko ya gofu,
miaka kumi na sita, viatu vya kaka,
niliokota pata iliyopinda,
mhasibu mmoja aliitupa kwa hasira kwenye michongoma,
nikaupiga mpira kwa tiki ileile.
Ukaenda.

Niseme ukweli: nyasi za wakati ule zilikuwa blanketi.
Mpira ulizama mpaka kitovuni.
Ukiusukuma kwa mabega, hatua mbili, umeketi.
Ilibidi uudokoe, uruke kidogo, ndipo uviringike.
Makedi wote tulidokoa: Tumsifu, Ndeshi, Elifuraha mwenye kigugumizi
ambaye mkono wake peke yake haukugugumia.
Hakuna aliyekiita kifundo kosa.

Kisha ikaja mashine mpya ya kukata nyasi.
Grini zikanyolewa kipara,
na mpira, ambao siku zote huukimbia mlima,
sasa unaukimbia mbio.
Dokoa leo uone: unapita shimo, unapita bendera,
unakwenda kuusalimu mchanga.

Kwa hiyo nafunga. Natii.

Jumapili nilipanda nyumbani.
Mama hamenyi tena ndizi. Baridi yabisi
imemkaza vifundo vyote viwili;
kikombe anakishika kwa viganja, kama anayepokea sadaka.
Akaiona alama ya rula, nikamweleza.
Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye khanga.
"Yaani unalipa ili ufungwe?
Mimi nimefungwa bure."

Sikucheka. Nilimfutia chai.

Jumatatu ni siku yetu makedi; hakuna kombe, dau ni soda.
Grini ya tisa, kona ya mfereji,
mahali mashine inapogeuka haraka na nyasi hubaki ndefu, mbichi,
mpira wangu umelala hatua kumi na moja toka shimoni.
Nikavua saa. Rula nikaitia mfukoni.
Kocha Mlaki akaanza kuyachunguza mawingu.

Tiki.

Mpira ukaruka umande, ukashika kipara,
ukapinda kushoto, mlima nyuma yake,
ukachoka futi mbili kabla ya shimo.
Si muujiza. Tumsifu alisema, "Hapo bado hujanywa soda."

Futi mbili. Hapo mkono haukuulizwa maoni.
Rula ilikuwa mfukoni, ila ngozi iliikumbuka;
nikavikaza vifundo mwenyewe, vikagoma kama vya mama,
nikaacha mabega yaende, yarudi.

Umeanguka ndani kwa sauti ninayoijua:
buni ya kwanza
katika ndoo tupu.