Kifumbu cha Limbani

Gari la karo lilishusha saa mbili kasoro
shehena ya Wete nzima: ya skuli, ya hospitali,
ya bwana arusi na ya waliomsengenya.
Haina tena mwenyewe.
Shaame akafungua koki, akageuza uso.

Mimi Mize, binti Faki, nimekua na kifumbu mkononi.
Najua nazi inavyolibania tui lake la mwisho:
unakamua mpaka mishipa inakutoka,
na machicha bado yananata vidoleni.
(Siku hizi nanawa kwa ndimu mara saba,
mama kifumbu hanipi.)

Tope nalo ndivyo. Tulilibana kati ya sahani,
jeki ikapigwa, ikapigwa,
hata mshale wa geji ukagoma kama punda.
Matone yakahesabika, kisha yakakoma.
Nikashika bonge: bado uji.

Maji yaliyobaki hayataki kubanwa.
Kila chembe imejivika lake kama nguo ya ndani
na haivui kwa kutishwa.

Basi nikawasha.
Sahani ya juu chanya, ya chini hasi,
volti arubaini tu,
na mle ndani, pasipo jicho, maji yakaitwa.
Yakashuka kuelekea hasi, tone kwa tone,
kama wenye deni wanaosomwa majina.
Bomba likakohoa, likatema.
Mvuke ukapanda, mzito, wa mayai viza.
"Mavi ya kale hayanuki," nikamtania Shaame.
"Aliyesema hivyo," akajibu kupitia kitambaa,
"hakupangiwa zamu hapa."

Dakika ya kumi na nane, umeme ukakatika.
Wete yote: feni, friji, mnara wa simu.
Katika kimya kile nikasikia tone moja
likisita ukingoni mwa sahani,
halijui kama bado linaitwa.

Tulifungua kwa tochi.
Upande wa chanya umekauka, unavunjika kama mkate wa mofa;
upande wa hasi umelowa, unang'ang'ania kitambaa cha chujio
kama mtoto aliyeachwa nusu ya safari.
Nikapima, nikaandika: nusu.
"Na kwenye sababu?" Shaame akauliza, tochi mdomoni.
Nikaandika: Aliyekuwa akiita amenyamaza.

Jumatatu mhandisi atakuja,
ataikata kwa wino mwekundu
aandike: umeme.