Safu ya Ke

Mkoa unataka jedwali kabla ya saa kumi:
watumishi kwa jinsi, kwa umri, kwa daraja.
Mkurugenzi kaja mwenyewe, kasimama mlangoni pa masijala
asiingie, maana humu kuna baridi kuliko nje,
na nje ni Makete ya Julai,
bomba la uani limeganda tangu alfajiri.

Basi nahesabu.
Glavu nimezikata vidole, jiko la mkaa liko miguuni,
nagawa watu, Me huku, Ke huku,
kama achambuaye viazi vya mbegu.

Mapema tu naliona umbo.
Safu ya Ke imejaa chini:
wauguzi, walimu wa awali, wahudumu, sisi wa mafaili,
halafu inapanda ikikonda, ikikonda,
hata kule kwa wakuu wa idara imebaki moja,
Bi Luvanda wa Maendeleo ya Jamii,
naye anastaafu Septemba.
Safu ya Me ni mpaini wa shambani:
chini peupe, matawi yote juu.

Aliye juu mngoje chini, tulifundishwa.
Tumengoja.
Tumekuwa wengi huku chini, jedwali limeota kitambi.

Saa sita nafika zahanati ya Ikuwo.
Kyando, Yuditha A. Muuguzi. Ke.
Miaka hamsini na saba.
TGHS B.
Nikadhani nimeruka mstari.
Huyu ndiye aliyenizalisha kifungua mimba wangu
kwa mwanga wa simu, mvua ya Machi,
gari la wagonjwa limezama tope huko Matamba,
akiniambia, "Sukuma, mwanangu.
Mshahara wangu mimi ni mtoto kulia."

Nalifungua faili. Linanuka panya na moshi.
Ruhusa ya msiba. Ruhusa ya uzazi. Ruhusa ya msiba.
Na nyuma ya ile ya mwisho, karatasi imegandamana nayo kwa ukungu
(ukungu wetu hauishii milimani),
nikaibandua polepole, kama bendeji juu ya kidonda:

YAH: KUPANDISHWA DARAJA.

Imechapwa. Ina kumbukumbu namba.
Ina tarehe, miaka tisa nyuma.
Haina sahihi.

Labda umeme ulikatika.
Labda mtu alitoka kwenda kula.
Na miaka tisa Yuditha Kyando akapanda kilima cha Ikuwo
asubuhi kwa asubuhi,
asipande kingine chochote.

Nikampelekea mkurugenzi. Hakusoma, alitazama saa.
"Jedwali halina chumba cha hadithi, Otilia.
Weka moja, jumlisha, tuma."

Nimeweka moja.
Na moja nyingine, iliyonivuruga jumla mpaka saa tisa,
nikirudia mafaili yote, nikilaumu kikokotoo,
kumbe haikuwa na faili mezani:
Ke, thelathini na sita, TGS B.
Mimi.

Saa kumi kasorobo jedwali limekwenda Njombe,
safi, mistari imenyooka, hesabu zimelingana.
Hakuna atakayeuliza.

Nimebaki na barua.
Nimeichapa upya, neno kwa neno, tarehe ya leo,
nikabana na ile ya zamani nyuma yake, yenye doa la kijani,
ili asiseme sikumwonyesha.
Kisha ndani ya jalada la sahihi
nimeiweka chini ya fomu yake ya posho, safari ya Dodoma,
chini yake papo hapo.

Fomu ile huisaini amesimama, bila kuvua koti,
na mkono wake ukishashika moto
huwa haukomei karatasi moja.