Saa ya Karani wa Mizani

Bwana Saitabau ametoka Arusha na kioo chake cha jichoni,
amekalia stuli ya fundi Mbaga, hapa Kiusa, Moshi,
chini ya saa za ukutani ambazo kila moja ina ukaidi wake.
Anaifungua saa ya baba kwa ncha ya kisu
kama mtu anayemenya yai la kwale.

"Mama, hizi ziko tatu tu duniani.
Tazama: kumi na mbili iko chini, sita iko juu!
Walitengenezewa watu wa huku, kisha kiwanda kikaghairi."
Anataja bei.
Milioni tisa. Anaitaja polepole,
na feni ya fundi Mbaga inasikika ikikata hewa.

Milioni tisa ni ada ya Elinami mpaka amalize uuguzi,
ni bati la jikoni, ni deni la kikundi,
na chenji inayobaki ni ya kunyanyua shingo mbele ya mawifi.
Chema chajiuza, walisema.
Nikatazama nje, nimwulize mlima,
lakini Kibo ilikuwa imejifungia mawinguni
kama ofisi ya mhasibu siku ya mshahara.

Baba, Anaeli Makundi, karani wa mizani ya kahawa,
wiki yake ya kwanza kazini aliambiwa: kesho, seveni.
Akaja saa saba.
Jua la utosi, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.
Magunia yamekwisha kupimwa, bwana mkubwa amekwisha kununa,
ujira wa siku umekatwa kwa wino mwekundu.

Jioni ile ile aliivua saa mkononi,
akaiweka mezani kwa fundi Valabdasi:
mishale iache ikubaliane na ya ukutani kwa bwana,
ila namba ziseme kama anavyosema mama yangu.

Siku tatu. Brashi ya nywele nne za mkia wa paka.
Moja ikahamia penye saba, saba penye moja,
kumi na mbili ikashuka
hadi kule mshale unakolala jua likizama.
Malipo: shilingi nane na mkungu wa ndizi.

Miaka thelathini na sita aliivaa akipima.
Hakuwahi kuegemeza goti kwenye gunia la mtu.
Punje ikidondoka aliiokota, akairudisha,
nasi watoto tulimwona bahili wa mali isiyo yake.

Basi nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya jirani:
"Si tatu, baba. Ni moja.
Na kiwanda chake kilikuwa na meza moja, na paka."

Akaing'oa sura ya saa. Akaigeuza.
Nyuma, maandishi ya Kigujarati yamekwaruzwa kwa sindano,
na chini yake, kwa mkono wa baba: *Moshi.*
"Imepakwa," akasema,
kwa ile sauti ya daktari anayetafuta kiti kwanza.
Kwa wakusanyaji, saa iliyopakwa ni maiti iliyotiwa wanja.
"Laki na nusu. Kwa ajili ya mtambo tu."
Fundi Mbaga akapuliza vumbi ambalo halikuwepo.

Sijisifu. Kama angenyamaza kidogo zaidi,
pengine ningeuma maneno yangu nikayameza.
Na Elinami nitamwambia nini sijui;
nimeshamlaani baba mara mbili, moja kwa Kichaga.

Nikaifunga mkononi, tundu la mwisho la mkanda.
Bwana Saitabau alikuwa anakusanya vifaa vyake,
mtu mwenye saa mia na arobaini kabatini,
akauliza, bila kunitazama, saa ngapi.

"Kumi na moja kasoro dakika nne."
Huwa inachelewa hizo nne. Baba alijua, hakuzidai.

Akatoa yake ya dhahabu mfukoni,
akaisogeza nyuma kidogo,
ikae sawa na yangu.