Mgomba ni Mgomba

Nachezea juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nyuma ya choo cha nje, Makunduchi.
Hapo tu ndipo mtandao unaposhika.
Bando la elfu moja. Chaji asilimia kumi na tisa.
Kioo kimepasuka, na ufa wake
unakatiza uwanja wa vita katikati
kama mto ambao wachoraji hawakuuchora.

Mle ndani naitwa Kisu Butu.
Hakuna ajuaye kwamba Kisu Butu hulima mwani,
kwamba vidole hivi vina mikato ya kamba
na chumvi haijatoka.

Ngome ni mtu wa mbali, sijui wapi.
Wiki ya kwanza nilimlaza mara tatu.
Sikumzidi silaha. Nilishamsoma tu:
akipiga mara mbili lazima aruke,
nami nikamngoja pale atakapotua.

Wiki ya pili akaja na ngao.
Ngao ya dukani, inawaka kama sinia la harusi.
Nikapiga, nikapiga. Namba zikatoka
moja, moja, sifuri, moja,
manyunyu juu ya bati.
Yeye akanigusa tu, nikalala.

Nikaenda kutazama bei. Nikapiga hesabu:
gunia mbili za mwani mkavu,
tena mnunuzi awe hakushika mizani kwa kidole.

Kaka yangu Pandu akacheka.
"Aliye nacho huongezewa, Kazija. Hujui?"
Asemaye hivyo ni Pandu huyuhuyu
ambaye kila Mwaka Kogwa hushika mgomba,
kusini na kaskazini wakakabiliana,
na mgomba ni mgomba,
sijaona wa dhahabu.
Ukikuvunjikia, unaokota mwingine.
Aliyeangusha wake hapigwi mpaka ainuke nao.
Mwaka juzi alimtwanga Vuai,
aliyeazima baiskeli akairudisha haina kiti;
walitwangana mpaka deni likaisha,
wakaenda kula wali sinia moja, migongo ikiwawaka.

Haki hiyo. Siibishi.
Lakini siku hiyo mimi niko wapi?
Pembeni, na kanga mpya, natukana kwa vina.
Nami nina wangu wa kumtwanga,
mwenye mizani na kidole chake,
na hakuna aliyewahi kunikatia mgomba.

Basi nina viwanja viwili:
kimoja silaha ni sawa, siingii;
kingine mlango wazi,
na duka liko mlangoni.

Jana usiku nikamwandikia Ngome: *Vua ngao.*
Kimya.
Kisha nikaiona inatoka mkononi mwake,
ikapotea.
Tukasogeleana.
Hapo akaganda.
Mtandao wake, si wangu; mguu mmoja hewani,
upanga umeinuliwa nusu, macho hayapepesi.
Kumbe kwao nako kuna ndoo na choo cha nje.

Nilipiga moja. Nasema kweli, nilipiga,
na namba ikatoka kubwa, nyekundu, tamu.
Mkono ukataka ya pili.

Nikaurudisha upanga begani.
Mbu ananila kisigino.
Asilimia tatu.
Nikasimama mbele yake, Kisu Butu,
namngoja mtu nisiyemjua auokote mgomba wake.
Asilimia mbili.
Ndani mama anauliza nani kaichukua ndoo.
Moja.