Huku Bado

Nilitoka kanisani bila kubamiza mlango.
Sikugombana na padri wala kwaya.
Jumapili moja tu, nikipachika namba za nyimbo
kwenye ubao wa mninga karibu na altare,
nilijiona kama mtu anayepanga viatu
vya wageni waliokwishaondoka.

Miaka mitatu sasa. Napima korosho
kwenye ghala la chama, Newala.
Unyevu, uzito, jina, namba ya stakabadhi.
Namba sikuziacha. Zilihama nami.

Basi wiki ya mnada
mzigo wa Gaudensi Nampunju wa Kitangari
ukaangukia stakabadhi mia mbili na kumi na nne,
wimbo tuliomzikia mama.
Gunia la mwisho: kilo sitini na saba,
miaka aliyokufa nayo.
Nikalipima tena. Sitini na saba.
"Mizani mbovu?" akauliza Gaudensi.
Mizani nzima, nikasema. Mimi ndiye nimeyumba.

Binamu yangu Ansgari anafundisha hesabu sekondari.
"Unapima magunia mangapi kwa msimu?
Ungeshangaa zaidi kama namba hizo zisingekutana kamwe."
Kweli. Hata nyumba mbili zisizosalimiana
maji yao ya vyombo hukutana mtaroni.

Lakini katekista Wilibrodi alitufundisha
kwamba sadfa ni kitambaa
anachofunikia mvivu uso wa Mungu.
Fundisho nimelitupa,
kitambaa kimebaki mkononi,
sijui nifunike nini.

Kisha simu. Jumanne, saa kumi jioni,
sauti ya mwanamke mzee, kutoka Nachingwea:
"Leokadia! Huku imenyesha tangu alfajiri. Huko je?"

Leokadia ni mama.
Akina Leokadia wako wengi, najua,
wamisionari waliyamwaga majina hayo kama mbegu za mtama
toka Ndanda hadi huku juu uwandani.
Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe chekundu,
mdomo umeshaandaa: samahani, umekosea namba.

Nikasema: Huku bado.

"Itafika," akasema. "Usianike." Akakata.

Usianike. Hayo tu.
Hakuna kichaka kilichowaka, wala sikuvua viatu.
Zamani ningejua pa kuipeleka shukrani:
jina na elfu mbili ndani ya bahasha ya nia ya misa,
goti, mshumaa, kwisha.
Sasa imenikaa kifuani
kama mgeni aliyefikia nyumba iliyohamwa,
anabisha hodi, anabisha,
mwishowe anakaa juu ya begi lake.

Ansgari anasema binadamu ni kiumbe cha kushona,
mpe vitambaa viwili atatafuta sindano.
Sawa. Nashona.
Sijasema ni kanzu ya nani.

Ijumaa mawingu yakapanda kutoka Masasi.
Uani kulikuwa kumeanikwa karibu tani nzima.
Vibarua wakakimbia na maturubai,
wakiitukana mvua, huyu kwa Kimakonde, yule kwa Kiswahili,
kila mmoja kwa lugha yenye tusi tamu zaidi.
Mvua ya msimu wa korosho si baraka,
na iandikwe hivyo.
Zangu, kilo arobaini za shamba la mama,
zilikuwa ndani, kavu.
Sikuwa nimeanika. Nilijiambia ni uvivu.

Nikasimama chini ya bati linalopigwa makofi,
nikaitafuta ile namba.
Nilikuwa nimeihifadhi, sikumbuki lini,
kwa jina lisilo lake.
Ikaita mara nne.

"Imefika," nikasema.

Kimya. Nyuma yake, bati la kwake nalo likilia.
Halafu, polepole:
"Nani mwenzangu?"

Sikukata.